Neno Moja, Majibu Matatu

Sisi tuliokaa darasani baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulikipata kitabu kama watu wapatavyo maji ya kisima cha mbali: kwa zamu, kwa subira, na kwa uangalifu wa kutomwaga tone. Nakala moja ya Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, ilizunguka bweni zima. Aliyeipata usiku alijua kwamba alfajiri ataikabidhi kwa mwenzake, basi aliisoma kwa koroboi mpaka pua ikajaa masizi, na yaliyokuwa na uzito akayanakili kwa mkono katika daftari lake. Siyasemi haya ili kudai heshima, maana heshima hiyo mmekwisha kutupa, wanangu na wajukuu zangu. Nayasema kwa sababu uchache ule ulitufundisha jambo ambalo wingi wa leo waweza kuwapokonya bila ninyi kutambua: dhamira ya kazi ya fasihi haipatikani kwa kuambiwa.

Leo kijana wa kidato cha nne huingia katika chumba cha mtihani akiwa na orodha kichwani: ukombozi, umoja, mapenzi, usaliti, matabaka, nafasi ya mwanamke. Kila neno lina mfano wake, na mifano mingi imetoka katika muhtasari aliotumiwa kwenye simu. Simlaumu. Masomo ni mengi, muda ni mfupi, na walimu wa rika langu ndio tulioziandika orodha hizo ubaoni kwanza, tukidhani tunawarahisishia njia. Lakini jina la dhamira si dhamira, kama jina la mto lisivyokata kiu. Jina hutuonyesha tu mahali swali lilipo. Kusoma huanza pale tunapouliza mwandishi huyu amelijibu vipi swali hilo, na kwa nini mwenzake akalijibu vingine.

Chukueni ukombozi. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika. Katika nchi ile inayoelea angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria, naye anasimama barazani siku baada ya siku akijitetea kwa hoja zilizopimwa. Silaha yake ni akili na uvumilivu. Katika Kinjeketile tunarudishwa kwenye vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na huko watu wa makabila mbalimbali wanaunganishwa na imani katika maji ya dawa ya kuzuia risasi. Maji yanawapa umoja ambao hawakuwa nao, kisha yanawapeleka kifua wazi mbele ya bunduki, na Kinjeketile, nabii aliyeyatoa maji hayo, anabaki akitazama neno alilolitoa kinywani likikua kumpita yeye mwenyewe. Adam Shafi naye, katika Kuli ya mwaka 1979, anatupeleka kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Rashidi, mtoto wa kuli, anajifunza polepole kwamba mkono wa mnyonge una nguvu pia siku anapoukunja na kukataa kubeba. Hoja, imani, mgomo: neno moja, majibu matatu, na kila jibu lina gharama yake. Mwanafunzi anayeandika “ukombozi” kwa vitabu vyote vitatu akaishia hapo hajakosea, ila amesimama mlangoni tu.

Lipo na jambo la pili, ambalo umri pekee ndio hulifundisha. Tulipoisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wengine wetu tuliisoma kwa kificho, maana iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Vijana sisi tukamwona msichana aliyepotoka, tukamhukumu. Miaka ikapita, nikawa baba wa mabinti, nikakifungua tena kitabu kilekile. Safari hii aliyenikabili alikuwa Zakaria, baba mlevi, mkali kwa binti yake na mpole kwa nafsi yake. Nilikiweka kitabu chini nikaitazama nyumba yangu kwa muda mrefu. Sasa, uzeeni, ninayemwona kwanza ni Regina, mama aliyeibeba nyumba ile kwa jasho lake. Hakuna herufi iliyoongezwa. Tulioongezeka ni sisi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa rika letu zima. Tulifundisha kisomo cha watu wazima jioni baada ya kutoka shambani. Tuliona watu wakihamia vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa shuruti. Tuliwasindikiza ndugu zetu kwenye vita vya Kagera, na vita vilipokwisha tukapanga foleni za sukari na sabuni bila kujua kama zitatufikia. Tulikuwa tumesikia ahadi kubwa, na sisi wenyewe tukazirudia mbele ya wanafunzi wetu. Baadhi zilitimia, nyingine zilikauka. Ni katika miaka hiyo, wala si darasani, ndipo nilipomwelewa Kinjeketile.

Ninyi nanyi mna yenu. Mnatafuta kazi kwa namna ambayo sisi hatukuijua, mnaishi mbali na wazee wenu, na mtayaona katika vitabu hivi mambo ambayo macho yetu yalipita juu yake. Nawaomba jambo moja tu. Chagueni kitabu kimoja, kisomeni chote, kisha andikeni kwa mkono wenu, kwa maneno yenu, swali ambalo kinawauliza. Wekeni tarehe. Mkirudie baada ya miaka kumi.

Daftari langu la bwenini ningali nalo. Chini ya jina la Kinjeketile niliandika, kwa penseli, neno moja: umoja. Miaka mingi baadaye nikaongeza kwa wino: wajibu wa anayewaahidi watu. Mistari iliyobaki chini yake bado ni mitupu, na kitabu kipo mezani.