Nyumba janja, mara ya pili

Najua nimepotea. Kazi za Nairobi mnazijua, na wikendi tatu zilizopita nimezimaliza nyumbani Mombasa, penseli sikioni na tepu ya kupimia mkononi, nikibishana na fundi wa stima. Tunakarabati nyumba ya wazee. Kwa vile mimi ndiye niliyesomea tarakilishi katika familia yetu, nimekabidhiwa taa, mtandao, runinga na spika. Kwa lugha ya matangazo ya biashara, "nyumba janja".

Hii ni mara ya pili najaribu. Mara ya kwanza nilijivunia sana kazi yangu, na Baba akavunjika mkono.

Nianzie hapo. Desemba 2023 nilirudi nyumbani kwa likizo na balbu kumi na moja za waifai, kispika cha kuzungumza nacho, na mipango mingi kichwani. Baba ana presha ya macho. Anakiona kilicho mbele yake, lakini pembeni kumeshaingia giza, na usiku ndiyo kabisa. Huamka mara mbili au tatu kwenda msalani, na korido ya kutoka chumbani kwake ina kidato kimoja katikati, kwa sababu nyumba iliongezwa vyumba zamani na fundi wa wakati huo hakupima vizuri. Basi nikaandika programu. Jua likizama, balbu ya korido inawaka kwa asilimia ishirini. Kukipambazuka, inazima. Niliiweka kwenye seva ninayoikodi, nikaijaribu siku tatu, nikawaonyesha hata majirani. Ilifanya kazi vizuri ajabu!

Nilichokisahau ni mkono wa Mama.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Mama amekuwa akiizunguka nyumba kila usiku kabla ya kulala, anafunga milango na kuzima swichi. Ndivyo bili ilivyolipika sisi tukiwa shuleni. Na balbu janja iliyozimwa ukutani si janja tena, ni chupa tu. Nilikuwa nimebandika karatasi juu ya swichi ile, USIZIME, kwa herufi kubwa, na Mama aliitii. Halafu unyevu wa Mombasa ukalegeza gundi, karatasi ikaanguka, na usiku mmoja wa Februari 2024 mkono ukafanya ulichozoea. Baba aliamka kama saa nane, akaikuta korido giza, akadhani anakumbuka kidato kilipo. Kifundo cha mkono wa kulia. Wiki sita hakuweza kujifunga vifungo vya shati.

"Mwanangu, ni mimi niliyezima," Mama aliniambia kwa simu.

Usiku uleule nilifungua kumbukumbu za programu yangu. Kila kitu kilikuwemo. Kuanzia saa nne na dakika kumi, kila baada ya dakika tano, mstari uleule: balbu ya korido haijibu. Mistari arobaini na kitu mpaka saa ambayo Baba alikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeandika kipande kinachoikamata hitilafu, kinaiandika kwenye faili, kisha kinaendelea na safari yake. Chuoni tulifundishwa hivyo, programu isianguke kwa sababu ya kosa dogo. Programu yangu haikuanguka.

Mei ya mwaka huohuo likaja jambo la pili, na heri hili halikumuumiza mtu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti yetu huku Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Mama ameketi sebuleni, balbu iko mita mbili juu ya kichwa chake, na simu inamwambia kifaa hakipatikani. Amri ya kuwasha taa ilikuwa inatoka Mombasa, inakwenda seva ya kampuni iliyo ng'ambo, inarudi Mombasa! Na seva hizo zina mwenyewe, akichoka anazizima. Aprili 2022 kampuni moja ya Marekani, Insteon, ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, watu wakabaki na programu za simu zisizofungua kitu. Baadaye mwaka ule kundi la watumiaji likainunua kampuni na kuziwasha tena. Mimi na Mama hatuna uwezo huo.

Kwa hiyo safari hii sijaanzia dukani. Nimechora ramani ya nyumba kwenye karatasi, chumba kwa chumba, nikakaa na wazee jioni mbili kuuliza wanapita wapi, saa ngapi, na mikono yao hugusa nini. Dada yangu alinicheka, akasema nafanya upelelezi.

Sasa waya, ambao ndio ugomvi wenyewe. Tumerithi kwa Waingereza namna ya kufunga taa: nyaya zote mbili, moto na nyutro, zinafika juu kwenye taa, kisha kutoka pale zinashuka mbili tu hadi kwenye swichi. Moja inaleta moto, nyingine inaurudisha juu kwenye taa. Nyutro haishuki kabisa, na kwa swichi ya kawaida haina haja ya kushuka. Lakini swichi janja ni tarakilishi ndogo, inahitaji stima yake saa zote, hata taa ikiwa imezimwa. Bila nyutro itaipata wapi? Zipo aina zinazoiba umeme kidogo kupitia kwenye taa yenyewe, ila ukiweka balbu ndogo ya LED utaiona ikimetameta usiku kucha kama kimulimuli.

Nilipomwomba fundi ashushe nyutro kwa kila swichi, aliniangalia kwa huruma. "Kijana, nimefunga stima miaka ishirini, sijawahi kupeleka nyutro kwa swichi." Nikamwambia, mzee wangu, najua, na kazi yako naiheshimu, lakini leo ni mita chache za waya na baada ya plasta ni patasi na nyundo. Tulinywa kahawa mara mbili juu ya jambo hili. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba visanduku vya ukutani niviongezee kina mimi mwenyewe, yaani ninunue vya milimita 47 badala ya 25. Lilikuwa sharti zuri kuliko alivyojua, maana relei lazima ipate pa kukaa nyuma ya swichi. (Ndugu msomaji, mimi huchora tu. Nyaya zinaguswa na fundi mwenye leseni ya EPRA, na wewe fanya hivyohivyo.)

Relei ndiyo siri ya mpango mzima. Swichi ya ukutani inabaki ileile ya zamani, Mama anaibonyeza, taa inabadilika. Programu nayo inaweza kuibadilisha kupitia relei. Mama akizima, programu inajua kwamba amezima, na inaweza kuwasha tena. Tarakilishi ikifa, swichi bado ni swichi. Karatasi za USIZIME hazihitajiki.

Na taa ya korido? Hiyo nimeitoa kabisa. Taa iliyo muhimu kuliko zote haitakuwa na mstari hata mmoja wa programu yangu. Nimeweka taa mbili za chini, moja kabla ya kidato na nyingine baada yake, zenye sensa ya mwendo na betri yake ndani, zisizojua waifai ni nini. Ya kwanza ilinigharimu chini ya shilingi elfu mbili. Na kidato chenyewe fundi wa ujenzi anakigeuza mteremko, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla mimi sijanunua balbu hata moja.

Dada alitaka shawa ya maji moto ya papo hapo aiwashe kwa simu akiwa kitandani. Nimekataa. Shawa zile nyingi huvuta kama wati 5,000, ukigawa kwa volti 240 unapata ampea karibu 21, na relei niliyonunua ni ya ampea 10. Itayeyuka. Tena shawa yenyewe hupasha maji yanapopita tu, kwa hiyo kuiwasha kutoka kitandani kunakusaidia nini? Bado hajaniamini.

Tuje kwenye burudani, maana najua wengine mmesoma mpaka hapa kwa ajili ya spika. Ndoto yangu ya kwanza ilikuwa projekta na pazia jeupe ukuta mzima. Kisha nikamtazama Baba akifuatilia mpira: anageuza sikio, si uso. Yeye runinga anaisikiliza. Basi nikahamisha karibu fedha zote kutoka kwenye picha kwenda kwenye sauti, hasa spika ya katikati, kwa kuwa katika mpangilio wa spika tano ndiyo inayobeba maneno ya watu. Baba hataki mlipuko umzunguke kichwani, anataka kusikia mtangazaji amesema nani amefunga.

Halafu rimoti. Zilikuwa tatu, ya runinga, ya dekoda na ya sauti, zote nyeusi, zote za umbo moja. Ipo njia ndani ya kebo ya HDMI iitwayo CEC ambayo huviwezesha vifaa kuamrishana, na nyingine iitwayo ARC inayorudisha sauti kutoka kwenye runinga hadi kwenye spika kwa kebo ileile. Zikifanya kazi, rimoti moja inatosha. Lakini kila kampuni huipa CEC jina lake la kujivunia, na si vifaa vyote vinaelewana, kwa hiyo nilibeba runinga ya nyumbani hadi dukani kwa tuktuk na kujaribu pale pale. Muuzaji alidhani nina kichaa. Rimoti iliyobaki ina kinundu kwenye namba 5, Baba anakipapasa na kujua alipo.

Kosa moja nusura nilirudie. Fundi alikuwa ameshalaza paipu ya milimita 20 kutoka kwenye runinga hadi kabatini. Nikachukua kebo ya HDMI, kichwa chake hakikuingia hata mdomoni mwa paipu. Imetolewa, imewekwa ya 32 yenye kona za kupinda taratibu na kamba ndani yake, ili atakayebadilisha kebo miaka kumi ijayo avute tu. Vilevile tumelaza kebo za Cat6 kutoka sehemu moja hadi kila chumba, kwa sababu kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na waifai ya gigahatsi 5 ikifika ukuta wa pili imeshakata roho.

Ubongo ni tarakilishi ndogo iliyo humuhumu nyumbani, inayoendesha Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Haiombi ruhusa ng'ambo. Pamoja na ruta zinakula kama wati 15, na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ni wati-saa 84, yaani saa tano na nusu kwenye karatasi, nne kwa uhalisia. Stima ilipopotea karibu nchi nzima Agosti 2023 hizo nne zisingetosha, nalijua hilo. Ndiyo maana korido haimo.

Kamera za ndani Mama amezikataa kwa neno moja, na sikubishana.

Jumamosi tulifanya jaribio. Nilichomoa intaneti, nikaizima na tarakilishi, nikamwambia Mama aishi kama kawaida. Alipika, akazunguka, akafunga milango. Alipofika kwenye swichi ya korido alisimama, mkono hewani, akanitazama.

"Nizime?"

"Zima, Mama."

Akazima. Taa za chini zikawaka alipopita. Hakusema kitu, lakini alirudi akapita tena.

Kabla ya kupanda basi Jumapili nilipiga picha kila ukuta ukiwa wazi, tepu ya kupimia imeegeshwa kando, ili siku moja mtu akitaka kutoboa tundu ajue waya zimepita wapi. Plasta inaanza Jumatatu. Bado sijaamua ruta ikae kabatini au juu ya dari, na fundi ananitaka nimjibu kufikia Ijumaa.