Hiyo HD yako ni ya boksi tu!

Jamani, minada ya korosho ikianza kule kwetu Kusini, wauza luninga wote wanageuka maprofesa. Ingia duka lolote pale Masasi mjini uone: HD, Full HD, 4K, T2, S2, kila herufi ina bei yake. Mteja anaona soo kuuliza, anatikisa kichwa tu.

Mjomba wangu wa Newala aliingia humo humo. Pesa ya korosho anaishika msimu kwa msimu, na ndani yake kuna ada za watoto, salfa ya mikorosho na madeni. Akakata laki saba, akarudi na luninga ya inchi 32. Aliahidiwa: "Hii Full HD, mzee, utaona mpaka jasho la mchezaji." Jasho liko wapi? Hata namba za jezi zilikuwa ukungu! Akanipigia simu Dar: "Mjomba, nimepigwa?"

Nilipofika nikasoma boksi kwanza. Limeandikwa "HD Ready". Hapo ndipo wengi wanapolizwa. Picha ya luninga ni vitone vilivyopangwa kwa mistari. HD Ready inatakiwa iwe na mistari isiyopungua 720. Full HD ina 1,080, vitone milioni mbili na ushee. 4K ni mara nne ya hiyo. Lakini kwa inchi 32, ukiwa umekaa mbali kidogo, tofauti ya hizo mbili za kwanza huioni sana. Ukungu wa mjomba ulikuwa na sababu nyingine.

Nikageuza luninga nyuma. Fundi alichomeka zile waya tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Ya njano ndiyo ya picha, na haipitishi HD hata uibembeleze vipi. Mwisho wake mistari 576, ile ile ya enzi za deki! King'amuzi cha HD, chaneli ya HD, vyote vinakwama kwenye kijiwaya. Waya wa HDMI ulikuwamo kwenye boksi la king'amuzi, haujatolewa hata nailoni. Nikauchomeka. "Kumbe refa ana mvi!" mzee akasema.

Bei ilikuwa kesi nyingine. Tulishuka Masasi, duka silitaji. Kijana akang'ang'ana kwamba HD ni HD tu. Nikamwomba atuonyeshe neno "Full" kwenye boksi. Akalizungusha weee, mwisho akarudisha elfu themanini.

Halafu msikubali kuongezewa bei kwa ajili ya T2 bila kuuliza. T2 ni ya antena, S2 ni ya dishi. Kama mtaani kwenu mawimbi ya antena hayafiki, T2 ni pambo.

Chenga nazo tumezizika tangu analojia ianze kuzimwa, Dar ikitangulia Desemba 31, 2012. Zamani mawimbi yakilegea ulivumilia chenga, mpira ukaendelea. Dijitali haina huruma: picha inakatika vipande, kisha giza.

Kuna moja limenishinda. Picha ya dijitali inabanwa, inapanda setelaiti, inashuka, inafunguliwa, na sekunde kadhaa zinaishia njiani. Jirani wa mjomba ana redio. Simba na Yanga zikicheza, jirani anashangilia goli wakati kwa mjomba kona haijapigwa. Mzee amekwenda kumwomba apunguze sauti. Jirani, Yanga damu, amekataa.