Baraza Yenye Wavu

Huku kwetu Kasongo nyumba isiyo na baraza haihesabiwi kuwa imekwisha. Mwenye nyumba aweza kuwa na vyumba vinne na mabati mapya, lakini kama hana mahali pa kumkalisha mgeni mbele ya mlango, majirani husema, “Bado anajenga.” Nasi Waswahili twatumia neno lile lile kwa mahali pa kukaa na kwa mkutano wa wazee, maana tangu zamani mambo yote makubwa yaliamuliwa hapo. Watu wa Unguja na wa Pwani walikuja na desturi zao walipofanya makao Nyangwe na Kasongo zamani za Tippu Tip. Daktari Hinde, aliyefuatana na majeshi ya Dhanis yaliyoutwaa mji mwaka 1893, aliusifu katika kitabu chake cha mwaka 1897, pamoja na bustani zake za machungwa na mapera. Nyumba zile hazipo tena. Baraza imebaki, na mpunga pia.

Nasema hayo ili wasomaji wafahamu kwa nini shauri la kuifunga baraza yangu kwa wavu wa waya lilileta maneno mengi nyumbani.

Mama yangu mzazi alikuja kukaa nasi kutoka Kabambare baada ya baba kufariki. Yeye ni mtu wa kukaa nje. Jua likitua hutandika mkeka wake barazani, na kitinda mimba wetu hulala mapajani mwake akisikiliza hadithi. Ni jambo jema, lakini saa hizo ndizo mbu waanzapo kazi. Katika masika moja mtoto huyo alipatwa na malaria mara tatu. Mara ya tatu alichukuliwa hospitali usiku kwa pikipiki, damu imempungua mno hata viganja vyake vilikuwa vyeupe. Siku zile mke wangu aliniambia, “Baba watoto, fedha za bati la jikoni zingoje. Tuifunge baraza.”

Dawa hii ya wavu si mpya. Ronald Ross alionyesha huko India mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Miaka mitatu baadaye waganga wawili, Low na Sambon, walikaa katika kibanda chenye wavu karibu na Ostia, nchi ya Italia, mahali palipojulikana kwa homa. Mchana walitembea watakako. Kabla jua halijatua waliingia ndani, wasitoke hadi asubuhi. Walikaa hivyo miezi ya homa kali ya mwaka 1900, wala hawakuugua. Hata karibu na zama zetu, huko Gambia, wataalamu walifunga wavu katika nyumba za watu, wakatangaza matokeo mwaka 2009: katika nyumba zisizo na wavu watoto 30 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, katika nyumba zilizofungwa madirisha, milango na uwazi wa paa, walikuwa 19. Si kwamba ugonjwa ulikwisha. Lakini mzazi aliyekwisha kuona viganja vyeupe hatazidharau hesabu hizo.

Basi, tukatafuta fundi. Wa kwanza alikuwa kijana hodari wa mwiko, mwenye maneno matamu. Alitaka nusu ya ujira kabla ya kushika jembe. Nikamjibu kwamba kwangu mapatano huandikwa, mbele ya shahidi wake na wangu, na ujira hugawanyika kwa kazi: msingi, kisha nguzo na ukuta mfupi, kisha paa, kisha wavu na mlango. Vitu vyote vitanunuliwa nami mwenyewe na kulala chumbani mwangu. Alinuna kidogo, akakubali. Alijenga msingi vizuri sana, nakiri, akalipwa fungu lake. Na Jumatatu iliyofuata hakuonekana. Tukasikia kwamba amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila. Sikumlaani. Siku moja yenye bahati shimoni yaweza kumpa kijana kuliko miezi ya kupanga matofali, ingawa siku za bahati ni chache na mashimo huanguka. Ila msingi wangu ulikaa wiki sita ukiota majani, na majirani wakaanza kuuliza kama ni kaburi.

Fundi wa pili alikuwa mzee, aliyeletwa na shemeji yangu. Huyu hakuanza kwa bei. Alizunguka nyumba mara mbili, akainama, akatazama juu, kisha akauliza, “Mwalimu, unataka kuwazuia mbu, au unataka watu waone wavu?” Akanionyesha uwazi ulio kati ya kichwa cha ukuta na mabati, mahali ambapo hewa hupita. “Mbu wa homa hupenda kupita hapa,” akasema. “Ukifunga baraza ukaacha hapa, utakuwa umefunga mlango na kuacha dirisha.” Hivyo hesabu ya wavu ikaongezeka, na mke wangu akauza magunia mawili ya mpunga.

Mzee huyo alikataa roli la kwanza nililoletewa sokoni. Ulikuwa waya wa banda la kuku, mbu aweza kupita bila kukunja mbawa. Matundu, alisema, yasizidi milimita moja na nusu. Mlango aliufanya ufunguke kwa nje, ili mbu waliotua juu yake wasukumwe mbali na si kuingizwa ndani, na badala ya chemchemi ya chuma alifunga kipande cha mpira wa gurudumu la baisikeli, nao hujifunga wenyewe hata mtoto akisahau.

Ugomvi ulitoka kwa mama. Alipoona nguzo zimevikwa waya alikaa uani siku mbili, amegeuzia baraza mgongo. “Mwanangu,” akasema, “wafungwao kwenye waya ni kuku. Mgeni apitaye jioni atanionaje? Atapiga hodi kwenye tundu?” Nilimweleza habari za mtoto. Akajibu kwamba yeye amelea watoto saba. Hakuongeza kwamba wawili amewazika. Sote tulijua, nasi tukanyamaza.

Fundi ndiye aliyetutoa hapo. Bila kuulizwa, alitumia matofali yaliyobaki kujenga nje ya wavu benchi la kuegemea ukuta, upana wa mkeka mmoja. “Mama,” akamwambia, “mchana na wageni wako kaa hapa, uonekane na njia nzima. Giza likiingia, ingia nao ndani, taa iwakwe, wataonekana vilevile.” Mama alilipima benchi kwa mikono, akasema kwamba ni fupi. Kesho yake alikuwa amelikalia.

Vyandarua vya kitandani hatukuvitoa, maana wavu wa baraza haulindi atokaye kwenda msalani. Masika iliyofuata mtoto aliugua mara moja, akatibiwa mapema.

Fungu la mwisho la ujira nililiweka kama tulivyoandika: lilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa kuwa paa la baraza likiungana na paa la nyumba, hapo kwenye kiungo ndipo maji hutafuta njia. Mvua hiyo ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilisikia hodi. Fundi alikuwa amesimama barazani, viatu mkononi, akipapasa ukuta wote kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe. Alipofika mwisho alinionyesha kiganja kikavu, akaketi kwenye mkeka wa mama kungoja fedha zake na chai.