Samaki Mpiganaji na Majirani Zake

Kuishi pamoja ni jambo jema, lakini si jambo linalojitengeneza lenyewe. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi, msomaji wangu, nimeuona ukweli wa neno hilo ndani ya tangi la kioo lililo ukumbini mwangu, huku Likoni.

Tangi hilo huchukua lita 60 za maji. Ndani yake anakaa samaki mmoja wa rangi ya samawati iliyokoza, mkia wake mrefu kama kanga iliyoanikwa kambani siku ya upepo. Huitwa beta, au samaki mpiganaji. Asili yake ni Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siam zamani, ambako huishi katika mashamba ya mpunga na vinamasi vyenye maji matulivu. Watu wa huko walimfuga kwa vizazi vingi, kwa mapigano ya kamari na kwa uzuri wake. Na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Hupenda maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo hewa ya Mombasa haimdhuru. Tena ana kiungo kichwani kimwezeshacho kuvuta hewa juu ya maji. Umeme ukikatika na pampu ikinyamaza, yeye hupanda, huvuta pumzi, kisha hushuka.

Siku moja mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari kama wewe, alisimamisha kioo cha kujitazamia mbele ya tangi. Samaki alipoiona sura yake mwenyewe alitanua mapezi, akafunua mashavu, akaivamia. Kijana alicheka kwa furaha, akasema, "Mjomba, tununue dume wa pili, tujue nani shujaa!"

Nikamwuliza, "Na atakayeshindwa, mwanangu, atakimbilia wapi?"

Hakunijibu. Alilitazama tangi kutoka pembe moja mpaka nyingine, kisha akakiondoa kile kioo.

Swali hilo ndilo kiini cha habari yangu. Katika shamba la mpunga, dume aliyeshindwa hukunja mapezi, hugeuka, na kutoweka katikati ya majani. Ugomvi huishia hapo, kwa kuwa mshindi hana haja ya kumwandama. Katika tangi mshinde hana pa kwenda. Hukutana na mshindi kila ageukapo, mpaka mapezi yake yachanike na roho imtoke. Fikiri juu ya feri yetu ya Likoni. Tunasimama bega kwa bega, mwenye mkokoteni na mwenye kikapu, na hata aliyekanyagwa mguu huvumilia, maana anajua kwamba baada ya dakika chache lango litafunguliwa ng'ambo na kila mtu atashika njia yake. Tangi halina ng'ambo. Ni kweli kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini kumbuka kwamba zizi halikujengwa na fahali.

Je, mpiganaji huyu aweza kukaa na samaki wengine? Aweza, ikiwa mfugaji atachagua majirani kwa busara. Dume wa pili hafai kabisa. Samaki wadogo waitwao gapi nao ni wa hatari, kwa sababu madume yao yana mikia mipana ya rangi, na beta huweza kuwadhania kuwa mahasimu. Wako pia wale wenye milia wa Sumatra, ambao wana mazoea ya kudonoa mapezi marefu ya wenzao. Hapo mpiganaji ndiye huonewa. Mimi nilichagua vikambare vidogo vya Amerika ya Kusini, ambavyo hupekua mchanga chini na havina haja na mtu. Niliviweka sita, kwani hupenda kwenda kwa kundi. Nilipanda majani mengi, nikalaza kifuu cha nazi kilichochemshwa na kutobolewa mlango. Vikambare viliingia kwanza, vikazoea pembe zao. Mpiganaji aliingia mwisho, asije akajiona mwenye nyumba aliyevamiwa. Kama angaliendelea kuwafukuza, ningalimtenga, maana wako beta wasiokubali jirani yeyote, na kuwatenga si kuwaadhibu.

Maji nayo yana thamani. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima na Marere, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Siku bomba linapokauka, tunanunua mitungi kwa mchuuzi wa mkokoteni. Tangi langu ni mitungi mitatu ya lita 20. Kila wiki nabadilisha robo yake, yaani lita 15, baada ya kuyaacha maji mapya wazi siku nzima ili klorini iruke. Yale ya zamani nayanyweshea mchicha, maana uchafu wa samaki ni mbolea. Asiyeweza kutoa lita hizo bila kumpunguzia mtu maji ya kunywa, heri asifuge.

Wala usidhani kwamba ukali ni wa wageni tu. Katika madimbwi ya mvua ya pwani yetu huishi samaki wadogo ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Madume yao ni ya rangi za kupendeza, na hugombana vilevile. Dimbwi likikauka wao hufa, lakini mayai yao husubiri ndani ya tope mpaka mvua nyingine. Basi aliyechoka na beta wake asimtupe dimbwini, bali ampe mfugaji mwingine.

Asubuhi nyingine mpwa wangu aliona povu juu ya maji, akadhani tangi limechafuka. Nilimweleza kwamba kile ni kiota. Dume hukijenga kwa mapovu ya kinywa chake, hata akiwa hana jike. Apatapo jike, huyaokota mayai yanayozama, mojamoja, kwa kinywa kilekile anachopigania, akayarudisha kiotani na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe si mbaya."

Naam, si mbaya. Nawe siku moja utapewa wenzako uwapange: darasani, bwenini, kazini au nyumbani kwako. Utakapomkuta mkali kati yao, usianze kwa kumlaumu. Tazama kwanza nafasi uliyompa, jirani uliyemwekea, na njia uliyomwachia anayeshindwa. Ajengaye ukuta ana deni kwa kila aliyemo ndani yake.