Fedha za Pamba na Kompyuta ya Kupakata

Mwezi Julai mwaka 2025, kaka yangu mkubwa aliyeko Ngulyati, wilayani Bariadi, alinitumia kwa simu shilingi 600,000 pamoja na za kutolea. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, kama ilivyo desturi yake: "Hizi ni za pamba. Mtafutie mwanao kompyuta ya chuo, lakini safari hii iwe inayodumu." Maneno yale mawili, "safari hii", yaliniondolea usingizi.

Sharti nieleze. Mwaka 2021 kaka alinituma kazi hiyo hiyo kwa ajili ya mwanawe wa kwanza. Nami nikijiona mtu wa mjini ajuaye mambo, niliingia katika duka moja la jijini Dar es Salaam nikavutiwa na kompyuta mpya kabisa, nyembamba kama daftari, yenye rangi ya fedha na ingali ndani ya nailoni yake. Bei ilikuwa nafuu, wala sikujiuliza ni kwa nini. Muhula wa pili ulipoanza, hifadhi yake ya gigabaiti 64 ilikuwa imekwisha kujazwa na programu zake yenyewe, hata kijana akakosa mahali pa kuweka kazi zake. Kumbukumbu nayo ilikuwa imelehemewa ubaoni, hivyo haikuwezekana kuiongeza. Katika mwaka wa pili bawaba moja ilivunjika, ikapasua ubavu wa plastiki na kukata waya wa kioo. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa, akamrudishia. Kijana alimaliza shahada yake mwaka 2024 akiandika utafiti wake usiku wa manane kwenye kompyuta za wenzake, wenyewe wakiwa wamelala. Kaka hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Sisi wa mjini tumezoea kupima bei kwa mshahara wa mwezi. Ngulyati hesabu ni nyingine. Pamba hupandwa mvua za mwisho wa mwaka, hupaliliwa, hupuliziwa dawa, kisha huchumwa kwa mkono, tumba baada ya tumba, na kurundikwa chumbani hadi siku ya mizani ya chama cha msingi. Fedha huingia mara moja. Chombo kikiharibika mwezi Novemba, hapana kingine mpaka Julai ifuate. Mkopo wa Bodi, kwa wale waupatao, una fungu la chakula na malazi, na fungu la vitabu na viandikio. Mwanafunzi akitaka kuutolea kompyuta itambidi ajinyime kula.

Basi safari hii sikwenda kwenye vioo vya maduka. Nilikwenda Kariakoo, kwa wauzaji wa kompyuta zilizokwisha kutumika katika maofisi ya Ulaya, Marekani na kwingineko. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza kijana anayetengeneza mitambo ya chumba chetu cha habari, naye aliniambia jambo moja ambalo ningelijua mwaka 2021 ningemwepushia mwanangu aibu: kwamba ziko kompyuta zinazoundwa ili zivutie dukani, na ziko zinazoundwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua mamia kwa mara moja na yasiyotaka usumbufu wa mafundi. Hizi za pili, kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, zina bawaba za chuma, nyingi hupimwa kwa utaratibu wa jeshi la Marekani uitwao MIL-STD-810 dhidi ya mtikisiko, joto na vumbi, na vipuri vyake vimejaa sokoni kwa sababu wenzake waliokufa ni wengi.

Nilikaa juu ya kigoda saa mbili nzima, muuzaji akanichoka. Nilifungua na kufunga kifuniko nikitazama kama kinasimama pale ninapokiacha. Nilibonyeza kila herufi. Niliizima na kuiwasha ili nione kama haidai neno la siri la kampuni iliyoimiliki, maana yenye kufuli la namna hiyo inaweza kukugeukia kuwa kibao cha kukatia mboga. Kisha nikaandika amri niliyofundishwa, powercfg /batteryreport, ambayo huitoa betri siri zake: ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebakiwa na uwezo gani. Ya kwanza ilikuwa chini ya nusu. Ya pili pia. Ya tatu, Latitude yenye prosesa ya kizazi cha nane, ilikuwa imebakiwa na robo tatu hivi, nami nikairidhia.

Kuhusu kizazi hicho sikutaka mchezo. Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ndiyo maana za kizazi cha nne na cha tano zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji alinisihi nichukue moja nibakiwe na chenji. Nilikataa, kama nilivyoikataa chaja ya bandia iliyochemka kama pasi kabla ya dakika kumi. Nililipa 580,000, kumbukumbu gigabaiti 8, diski ya SSD, risiti mkononi.

Kiswahili kimeiita kompyuta mpakato, na jina hilo nililielewa vizuri ndani ya basi. Mtu hupakata mtoto. Niliipakata kutoka Dar es Salaam hadi Bariadi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, nikiiogopea kila tuta. Nikawa nafikiri kwamba kaka alizaliwa mwaka 1974, mwaka ule ule Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na leo ndiye anayeuza pamba ili bintiye asiende Dodoma mikono mitupu.

Mapokezi hayakuwa kama nilivyotarajia. Binti alipiga goti kunisalimu, akaipokea, akaigeuza, akaona mikwaruzo.

"Shangazi, ni ya mtumba?"

Kaka naye alinyamaza kitambo. "Fedha zangu zilikuwa mpya," alisema.

Nilianza kueleza habari za bawaba na vizazi, lakini nikaona simfikii. Nikaigeuza kompyuta tumbo juu nikaiweka mbele yake. Kaka ana baiskeli nyeusi aliyoirithi kwa baba yetu, nayo hakuna nati asiyoifahamu, wala kipuri alichowahi kukosa sokoni Bariadi. Aliinama, akazihesabu skrubu kwa kidole. Akauliza kama kinachooza ndani yake hubadilishwa. Nikamwambia betri hubadilishwa, diski hubadilishwa, kumbukumbu huongezwa, hata kibodi. "Na ile ya kaka yake?" Nikamjibu kwamba ile haikuwa na mlango.

Usiku ule nilimweleza binti mengine: asiitumie juu ya godoro kwa sababu huziba pumzi zake, umeme ukikatika aichomoe, asiichomeke mpaka utulie, na betri, kompyuta ikiwa inakubali, aiwekee kikomo cha asilimia 80, maana joto na kushiba daima huiua. Tulikuwa tumeketi katika chumba ambamo pamba ililala mwezi mzima, nyuzi zake zingali zimeshika kutani, nami nikamwonya kwamba akirudi likizo asiiwashe humo, kwani feni yake ingezivuta zote.

Kulipokucha kaka alikuwa amekwisha kuvaa. Tulipanda bodaboda sote watatu, mbili kwa jumla, hadi kwa fundi wa Bariadi mjini, kwa kuwa kaka alitaka kuona kama mtu huyo anayo bisibisi ya skrubu zile. Alikuwa nayo. Kaka akamwomba aifungue, aonyeshe feni ilipo, kisha aifunge. Fundi alipomaliza na kunyoosha mkono apewe chake, kaka alimzuia, akamgeukia bintiye.

"Sasa ifungue wewe."