Binamu Yangu Si Pointi Yako

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla sijapoa. Kuna mdahalo mmoja Kenya hii umenichosha kuliko ule wa Gor na AFC: Mungu yupo ama hayupo, na sisi tulitoka kwa Adamu ama kwa nyani. Unaanza popote. Kwa matatu ya Rongai usiku, kwa kinyozi, hata matangani watu wakingoja chai. Muumini anauliza, "Kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani wa leo hawageuki watu?" Asiyeamini anacheka kwa dharau: "Nyinyi si ndio mnaamini nyoka aliongea?" Nusu ya gari inashangilia huyu, nusu ile. Kila mtu anashuka steji yake akijua ameshinda.

Swali la nyani nilimalize haraka. Hakuna mwanasayansi anayesema tulitoka kwa nyani unaowaona leo. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kuuliza mbona sokwe bado wapo ni kama nikuulize hivi: ikiwa mimi na wewe ni wajukuu wa nyanya mmoja, mbona wewe bado uko? Uko juu wewe ni binamu, si nyanya. Hiyo imeisha. Na ile ya nyoka pia iishe. Kuna mamilioni ya Wakristo ambao hawajawahi kusoma kitabu cha Mwanzo kana kwamba ni OB ya polisi. Ukitaka kubishana nao, bishana na kile wanaamini, usiwachagulie imani rahisi ndio upate kuicheka.

Naona fujo hii ilianzia darasani. Kwa silabasi ya 8-4-4 niliyosoma mimi, ukiingia Fomu Wani somo la CRE linakupokea na hadithi za uumbaji, zote mbili, Mwanzo sura ya 1 na ya 2. Halafu Fomu Foo, Biolojia inakuletea mageuko, ile wengi tunaita evolusheni: visukuku, Lamarck na twiga wake, Darwin na uteuzi wa kiasili. Unaandika hii unapata maki. Unaandika ile unapata maki. Walimu wawili, stafurumu moja, chai ya birika moja, na hakuna hata siku moja waliwahi kuingia darasani pamoja watuambie hivi vitu viwili vinakaaje ndani ya kichwa kimoja. Tulifunzwa kufaulu tu. Sasa tumekuwa watu wazima na kila mtu amechagua karatasi moja ya mtihani aipiganie.

Kinachoniudhi zaidi ni vile pande zote mbili huongea kana kwamba mageuko ni bidhaa ya wazungu iliyoshuka na ndege pale JKIA. Muumini anasema ni uongo wao wa kutuharibia imani. Asiyeamini anajivunia nayo kama kiatu cha ng'ambo. Kwani hamjawahi kupanda ile barabara ya Museum Hill? Pale kwa Makumbusho ya Taifa kuna mifupa ya kijana anayeitwa Turkana Boy, mwenye umri wa kama miaka milioni 1.5. Alipatikana 1984 Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Na aliyeona kile kipande cha kwanza cha fuvu, kidogo, kimelala kati ya mawe yanayofanana nacho, hakuwa mzungu. Alikuwa Kamoya Kimeu, Mkamba aliyechunga mbuzi utotoni na aliyekuwa na miaka michache tu ya shule ya msingi. Alianza na familia ya Leakey 1960 kama kibarua kule Olduvai. 1985 akapewa medali Marekani mkononi mwa Rais Reagan. Kuna hata mnyama wa kale wa jamii ya nyani aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus. Mimi niliachia kampasi njiani, kwa hivyo mnielewe nikisema huyu mzee, aliyefariki 2022, ni wangu kabisa.

Mifupa hiyo iliwahi kuleta moto. 2006, makumbusho yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa akiongoza makanisa ya kiinjili, alipinga visukuku hivyo kupewa nafasi ya mbele vikionyeshwa kama ushahidi wa mageuko ya binadamu. Richard Leakey, ambaye hakuamini Mungu, akajibu kwa ukali. Makumbusho yakafunguliwa tena 2008, kijana wa Turkana akiwa ndani. Watu wanasahau kitu kimoja hapo: babake Richard, Louis Leakey, alizaliwa Kabete 1903, mtoto wa wamishonari. Familia iliyotafuta mababu zetu kwa mchanga ilianza kama familia ya kuhubiri Injili. Na wala si ajabu sana. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa vichwa wakubwa wa mageuko karne iliyopita, alikuwa Mwothodoksi. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jeni zote za binadamu, ni Mkristo wa kiinjili. Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe alisema 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwa hivyo mtu akikuambia lazima uchague moja, muulize nani alitunga hiyo sheria.

Lakini sikuja kuwapa majina ya kushinda nayo mabishano. Nilikuja juu ya binamu yangu.

Ni mtoto wa senge wangu, dada ya babangu, wako upande wa Busia. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, laini, zinapenya kila mahali. Zake hujipinda kama mundu, zikakwama kwa mishipa midogo, na mahali zimekwama damu haipiti. Hayo maumivu sitayaeleza. Nimeona kijana wa miaka kumi na mitano akiuma shuka ndio asipige kelele na kuamsha wadi.

Kwa nini ugonjwa huu uko mwingi kwetu, kando ya ziwa, na kule Pwani, lakini ni nadra Nyeri? Hilo swali lilijibiwa na mtu aliyekulia hapa hapa Kenya. Anthony Allison, aliyelelewa upande wa Gilgil, alizunguka Kenya akipima damu za watu, na 1954 akachapisha alichogundua. Karibu na Ziwa Victoria na baharini, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano kwenye baadhi ya jamii alibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hata mmoja kati ya mia hafiki. Tofauti ilikuwa mbu. Ukirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida hauugui selimundu, na malaria kali haikuui kirahisi. Kwa hivyo mahali penye malaria, watoto waliobeba jeni moja walipona, wakakua, wakazaa, wakaipitisha. Kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo uteuzi wa kiasili ulipo, wasee. Si kwa mifupa tu. Unatembea kwa damu ya watu wa Busia, Siaya na Kilifi leo hii.

(Na ni jeni, si jini. Ingawa kwa kesi ya binamu yangu watu walichanganya vyote viwili.)

Shida ni pale wazazi wote wawili wanabeba. Kila mimba inakuwa kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja. Zote mbili zikionyesha kichwa, mtoto anazaliwa na ugonjwa. Ni nafasi moja kati ya nne, kila mara, hata kama wa kwanza alizaliwa mzima. Senge hakujua anabeba. Mumewe pia hakujua. Nani angewaambia?

Walichoambiwa ni kitu kingine. Kanisa moja walilokuwa wakienda, na silitaji, liliwaambia ni laana ya ukoo. Wakafunga, wakapakwa mafuta, wakatoa sadaka maalum. Siku moja wakaambiwa kwamba kuendelea kumpa mtoto dawa ni kumwonyesha Mungu hawamwamini. Senge akaziweka juu ya kabati. Baada ya wiki tatu binamu yangu alikuwa amelazwa, macho ya manjano, akiongezwa damu. Mtu aliyesema yale maneno hakuja hospitali. Alituma ujumbe kwamba kuna mtu kwa familia ana dhambi ambayo hajaungama.

Kwa hivyo mimi naelewa hasira ya wasioamini, sitajifanya. Baada ya Shakahola, ambapo tangu 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, nani atamwambia mtu apunguze sauti? Na pia naelewa kuchoka kwao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini nchi hii. Chama chao kilisajiliwa 2016 na kabla mwaka uishe usajili ukasimamishwa, ati kinahatarisha amani. Ikabidi waende kortini. (2021 katibu wao alijiuzulu akatangaza amempata Yesu. Kenya ni tamu, manze.) Kuwa mtu asiyeamini hapa si rahisi, kila mkutano unaanza na maombi na ukikataa kuinamisha kichwa unaonekana mchawi.

Sasa sikia upande wa pili. Binamu yangu alikuja Nairobi kwa kliniki, akalala kwangu. Jioni marafiki wakaingia, mdahalo ukaanza kama kawaida. Kuna jamaa tulikuwa naye kampasi, mwerevu, anasoma sana, alishaacha imani. Alikuwa anabanwa na wengine, akatafuta pointi ya kummaliza mtu. Akanyoosha kidole kwa binamu yangu, aliyekuwa ameketi kwa kochi na sahani ya chapati. "Angalieni huyu. Fundi gani anatengeneza damu inayomuua mtoto? Hii ni makosa ya jeni, hakuna mtu aliyeipanga, hakuna mtu anajali." Watu wakanyamaza. Alikuwa ameshinda.

Usiku taa zikiwa zimezimwa, yule kijana akaniuliza, "Brathe, kwani mimi ni makosa?"

Hebu ifikirie hiyo. Mmoja kwa jina la Mungu alimwambia ni laana. Mwingine kwa jina la sayansi akamwambia ni makosa. Hakuna kati yao aliyemuuliza kama amekunywa maji ya kutosha siku hiyo, na mtu wa selimundu maji ni kitu cha kwanza.

Nilimweleza kile nilichosoma kwa zile semesta tatu za biolojia kabla karo inishinde. Kwamba jeni aliyo nayo ilibaki duniani juu ilikuwa inaokoa watoto. Kwamba kuna uwezekano mkubwa mimi na yeye tuko hai juu kuna babu wa babu yetu aliyeumwa na mbu, akatetemeka, akaamka. Kwamba ile jeni iliwakinga wengine, na yeye, kwa kupata mbili, ndiye alipewa bili. Hiyo si laana, na sitakubali iitwe makosa. Lakini pia sikumdanganya kwamba ni haki.

Akauliza, na Mungu je? Mimi naamini, na bado naenda kanisa, kwa wale mlikuwa mnangoja niseme. Nikamwambia swali lake ni la zamani kuliko Darwin. Ayubu aliliuliza akiwa ameketi kwa majivu, na marafiki waliokuja kumweleza ana dhambi gani ndio walikemewa mwishoni. Mageuko hayakuleta hilo swali na hayawezi kulifuta. Yanaweza kukuambia jeni imefikaje Busia. Kama kuna anayejali, hilo darubini haipimi, kwa hivyo jamaa wangu alitoa jibu kwa niaba ya sayansi bila kutumwa. Na yule wa mafuta pia hakutumwa.

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akauliza kama kesho tunaweza kupitia kuona ile mifupa, kliniki ikiisha mapema. Haikuisha mapema, mnajua foleni. Tutaenda likizo.

Senge alihama lile kanisa. Dawa ziko mezani, foliki, penisilini na haidroksiyurea, kwa mkebe wa biskuti ulio kando ya Biblia, na anaomba kabla ya kumpa. Pasta wa kanisa la sasa ni mzee mpole. Wachumba wakienda kwake kutangaza ndoa, anawatuma kwanza wapime selimundu, vile watu huenda kupima ukimwi. Wawili wakipatikana wanabeba, hawafukuzi wala hawaombei damu igeuke. Anaketi nao chini, anachora zile sarafu mbili kwa karatasi, halafu anawaachia waamue. Hajawahi kumtaja Darwin madhabahuni, na mimi simwombi amtaje.