Uyoga wa Värmland, uyoga wa Vwawa

Sisi tuliokulia Dar es Salaam miti tunaijua kwa faida yake ya haraka: huu una embe, huu una kivuli. Pori ni kile kinachopita dirishani mwa basi kati ya Morogoro na Mbeya. Hata likizo za Vwawa, kwao baba, tulikaa uani na binamu zetu, tukala, tukarudi mjini. Pori nililijua ukubwani, tena ugenini. Kazi ya kutunza wazee ilinitoa Stockholm ikanipeleka Värmland, magharibi mwa Sweden, ambako msitu unaanza pale nyumba zinapoishia.

Karibu asilimia 70 ya Sweden ni msitu, na takriban nusu ya msitu huo ni mali ya watu binafsi. Pamoja na hayo, mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kuingia, kutembea, kulala usiku mmoja hemani, kuchuma matunda ya porini na uyoga, bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Haki hii huitwa allemansrätten. Ilianza kama mila, na tangu 1994 imetajwa katika katiba. Ina adabu zake: usisogelee ua wa nyumba ya mtu, usikanyage mazao, usikate mti ulio hai, usiache taka.

Ndiyo maana vuli ikiingia, Wasweden hubeba vikapu. Muuguzi mstaafu, jirani yangu, alinichukua kwenda kutafuta kantareli, uyoga wa rangi ya kiini cha yai unaoota kwenye ukoka wa kijani chini ya misonobari. Alinifundisha kuinama na kutazama chini ya kofia, kunusa, na kuangalia ni mti gani ulio jirani. Akanionyesha pia uyoga wa kahawia unaoweza kuota sehemu zilezile wanazochuma aina nyingine ya kantareli. Huo ukiula unaharibu figo, na unaweza kuua. Kanuni yake ilikuwa moja: usichume usichokijua kwa yakini, na usijifanye unajua kwa sababu kwenu kuna unaofanana nao. Ujuzi wa uyoga hausafiri. Unafundishwa papo hapo, na watu wa pale pale.

Maneno hayo nilikwenda nayo Vwawa, safari hii Januari, katikati ya masika ya Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara kuu ilikuwa na malori yake kama kawaida, yakielekea mpaka wa Tunduma. Pembeni, kina mama walikuwa wamepanga ndoo na visado vya uyoga: mweupe mpana, wa kahawia, mwekundu, na mmoja wa manjano ulionifanya nisimame. Ulikuwa kantareli. Si aina ileile ya Värmland, ila ni ndugu yake wa ukoo mmoja, kwa maana misitu ya miombo ina kantareli zake.

Shangazi alinipa darasa lililobaki. Alitaja kila aina kwa Kinyiha, akaeleza ipi hutangulia mvua zikianza na ipi husubiri, ipi huota chini ya mtundu na ipi juu ya kichuguu. Huo wa kichuguu una habari ya ajabu: mchwa wenyewe huulima ndani ya ardhi, wakiulisha majani na vijiti walivyotafuna, na wao hula bustani hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, ipo aina ambayo kofia yake hufikia upana wa takriban mita 1. Nilipomuuliza shangazi ajuaje wenye sumu, alijibu kama yule muuguzi: ule ambao hukuonyeshwa na mkubwa, uache. Jioni tulikula uyoga wa karanga kwa ugali. Värmland tungeukaanga kwa siagi na kuuweka juu ya mkate.

Wanawake hawa wawili hawatajuana, lakini elimu yao ni moja, na sayansi inawaunga mkono. Kantareli, za huko na za huku, huishi kwa mkataba na miti. Nyuzi nyembamba za uyoga huivika mizizi na kuiletea maji na madini. Mti nao hulipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Ukikata mitundu yote, kantareli haihamii kwingine. Inakwisha.

Na miti inakatwa. Tangu 2016, Vwawa ilipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Songwe, mji umekua haraka. Nyumba zinataka matofali ya kuchoma, tanuri zinataka kuni, majiko yanataka mkaa. Mashamba nayo yanasogea. Siwezi kumlaumu anayechoma mkaa ili mtoto aende shule. Hapo ndipo tofauti kubwa na Sweden ilipo: muuguzi mstaafu huenda msituni akiwa na pensheni, kwa raha ya Jumapili, mama wa Mbozi, wilaya ulipo mji wa Vwawa, huenda alfajiri kutafuta pesa ya daftari na chumvi. Anayemwona mama huyo kama alama ya umaskini haoni kwamba amebeba ujuzi ambao Ulaya watu huununua vitabuni na kuusomea kozi.

Sheria ya kuanzia tunayo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia kwa kamati yake na kujiwekea kanuni za matumizi. Ninachotamani ni kuona wachuma uyoga wakikaa kwenye kamati hizo, kwa sababu wao ndio wanaojua ni kipande gani cha miombo kinacholisha watu na kisichofaa kuguswa. Natamani walimu wa Mbozi wawapeleke wanafunzi porini pamoja nao, kama wanavyowapeleka kuona Kimondo pale Ndolezi. Jiwe lile la chuma la tani nyingi lilitoka mbinguni na linastahili kuenziwa. Ardhi iliyolipokea inastahili pia.

Wenzangu wa ughaibuni, wengi wetu hurudi nyumbani Desemba, na ndio msimu wenyewe. Tunawapeleka watoto Serengeti na Zanzibar, na ni vizuri. Tuwape pia siku moja na shangazi au bibi, asubuhi, baada ya mvua. Wajifunze majina kwa lugha ya bibi, wayaandike, wapige picha mti na uyoga ulio chini yake. Nimeanza daftari la namna hiyo na binti yangu, upande mmoja Värmland, upande wa pili Vwawa. Upande wa Vwawa una nafasi nyingi tupu, na wa kuzijaza wapo, wanauza ndoo zao kando ya barabara ya Tunduma. Tukawaulize sasa, wangali na nguvu za kutuongoza hadi kwenye miti yenyewe.